Kuwafuata na chaji wenye magari ya umeme waliozimikiwa njiani: hii biashara italipa Bongo?

Waya Mwekundu

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji yangu iko Kimara, pembeni ya Morogoro Road. Kazi zangu za kila siku ni alternata, staata, nyaya zilizotafunwa na panya, na hizi haibridi za Kijapani. Ila siku hizi kuna simu za aina mpya. Mtu anapiga, nyuma unasikia malori yanapita, anasema "fundi, gari imekata." Namuuliza gari gani, anajibu Leaf, lile gari la umeme la Nissan.

Wengi wamenunua Leaf iliyotumika Japani, zile za mwanzo zenye betri ya uniti 24, na kwa umri wake betri imeshachoka, kwenye dashibodi vimebaki vijiti tisa kati ya 12. Kwa mizunguko ya mjini gari halina tatizo kabisa. Balaa ni pale mwenye gari anapopata msiba Chalinze. Huyu wa juzi alivuka daraja la Ruvu, akaona alama ya kobe inawaka, gari likapoteza nguvu na kusimama kabla ya Vigwaza. Alikuwa anatembea mia kwa saa, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho, abiria wanne.

Nilipofika nikakuta wasamaria wameshamsaidia. Mwenye banda la chipsi alikuwa amemvutia ekstensheni ya kigurudumu, ile ya waya mwembamba, na waya wote bado umezungushwa humo ndani. Plagi ilikuwa imegeuka kahawia, pini moja imezama kwenye plastiki iliyolainika, na harufu ile mafundi wenzangu mnaijua. Dakika chache zaidi banda lingeungua. Brekidauni ya kumpakia hadi Dar walimwambia laki mbili na nusu, na wakamwambia wanafika saa tatu usiku.

Ndipo likanijia wazo. Kirikuu ninayo, jenereta ninayo ya petroli, 2.8 kW. Nikae tayari, mtu akizimikiwa namfuata, namchaji kiasi cha kumfikisha, ananilipa. Wenye uzoefu au wanaojua wenzetu huko nje wanafanyaje, naomba mnipe mwanga: vifaa gani, bei gani, na je wateja wapo au najidanganya?

Sheli ya Zamani

Kwa hiyo mtu anauza IST yake anunue gari la kufuatwa na kirikuu. IST ikiisha mafuta unampa bodaboda kidumu cha lita tano, dakika ishirini uko safarini. Haya, endeleeni na maendeleo.

Mama Wawili

Sheli, mwenzio nina Leaf na kwa wiki natumia hela ndogo kuliko ulizokuwa unaweka siku moja kwenye IST. Ila fundi, nikujibu mimi kama mteja. Nilizimikiwa jioni, niko na watoto, giza linaingia, kila bodaboda anayepita anasimama "dada vipi." Wakati ule sikuwa nawaza uniti ngapi. Nilitaka mtu anayejulikana afike kabla ya giza na aniambie kwenye simu nifanye nini. Ungenitajia elfu themanini ningelipa bila kubishana. Ungenitajia elfu hamsini halafu ufike saa nne usiku, ningekuwa nimeshampigia shemeji yangu.

Mbeba Boksi

Mkuu Waya Mwekundu, mimi niko Uingereza, naendesha gari la kuwafuata waliokwama, kampuni nisiitaje. Nikueleze huku ilivyo.

RAC, kampuni ya kusaidia magari yaliyokwama, walianza 2019 kuweka kifaa cha kuchajia kwenye magari ya mafundi wao. Hawabebi jenereta pembeni. Injini ya dizeli ya gari lenyewe la fundi ndiyo inayozungusha mtambo wa kutoa umeme. Na shabaha yao si kujaza betri. Nusu saa ya chaji inampa mteja kama maili 10, yaani kilomita 16 hivi, afike kituo cha chaji kilicho karibu, basi. Ikishindikana anapakiwa. Hata kwenye kupakia wamebuni kitoroli kinachokunjwa nyuma ya gari la fundi ili magurudumu yote manne ya gari la umeme yainuke, maana mengi hayaruhusiwi kuburuzwa.

Lakini sikiliza hili kabla hujanunua kitu. AA, washindani wao, walitoa takwimu kwamba 2015 kati ya kila magari 100 ya umeme waliyoitiwa, 8 yalikuwa yameishiwa chaji. Kufikia 2023 yamebaki kama 2. Betri zimekuwa kubwa, vituo vimeongezeka, watu wamezoea. Na kati ya hao 2, wengine chaji haijaisha kabisa, wameona asilimia ndogo wakaingiwa na hofu. Simu ninazopokea mimi ni pancha na betri ndogo ya volti 12. Gari lina uniti 50 chini ya sakafu na haliwaki kwa sababu kibetri cha mbele kimekufa.

Waya Mwekundu

Hilo la volti 12 nimelikuta, na mwenye gari alikuwa anaapa chaji imeisha. Nikaibusti kwa jampa, taa ya READY ikawaka, akaondoka.

Mbeba Boksi

Ndiyo maana swali la kwanza kwenye simu liwe: dashibodi inawaka? Ikiwaka na kuna kobe, betri kubwa imeisha. Ikiwa giza tupu, au taa zinapepesa na milango haifunguki kwa rimoti, hiyo ni volti 12, beba jampa na betri ya akiba, jenereta iache nyumbani. Swali moja linakuokolea mafuta ya kwenda na kurudi Ruvu.

Nyutro na Ethi

Waya Mwekundu, kabla ya biashara tuweke sawa umeme wenyewe, maana naona wengi wanafikiri ukibeba jenereta kubwa gari litajaa haraka. Halijai.

Umeme wa soketi au wa jenereta unapitia chaja iliyo ndani ya gari, na hiyo ndiyo inayoamua kasi. Leaf nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani chaja yake ya ndani ni 3 kW. Ya 6 kW mnunuzi alikuwa anaiongezea kwa hiari. Ukija na jenereta ya 20 kW, gari litavuta 3 tu. Saa nzima unampa uniti tatu. Leaf ikiendeshwa kwa upole inakwenda kilomita sita hadi saba kwa uniti moja, kwa hiyo saa moja pembeni ya barabara ni kama kilomita 20. Nusu saa ni kilomita 10. Huwezi kuizidi hesabu hiyo mpaka uje na mtambo wa kuingiza umeme wa DC moja kwa moja kwenye betri kupitia tundu la CHAdeMO, lile la chaji ya haraka, na huo mtambo kwa bei yake utauza na gereji.

Sasa hiyo 2.8 kW yako inatosha, lakini nunua kebo ya kuchajia yenye kuchagua ampea. Iweke kwenye ampea 10, hapo unavuta 2.3 kW na jenereta inapumua. Ukiiachia ivute 13, jenereta ya petroli ya Kariakoo iliyoandikwa 2.8 itaanza kukohoa. Na ekstensheni iwe ya waya mnene wa milimita 2.5, fupi, na *uikunjue yote*. Waya uliozungushwa unajipasha wenyewe. Ile plagi uliyoiona Vigwaza haikuungua kwa bahati mbaya, ndivyo inavyokuwa kila mtu anapovuta ampea 12 mfululizo kwa saa mbili kwenye kitu kilichotengenezewa pasi ya dakika kumi.

Waya Mwekundu

Nimekuelewa kaka. Ila nina swali, nilijaribu jenereta yangu kwenye Leaf ya mteja hapa gereji na ilikataa. Nikichomeka kebo kwenye jenereta, kiboksi kinawasha taa nyekundu, gari halichaji. Kebo hiyohiyo nikichomeka kwenye soketi ya TANESCO inachaji vizuri. Jenereta nimepima, 228V, inawasha grainda bila shida.

Nyutro na Ethi

Jenereta yako nzima. Tatizo ni ethi.

Kwenye nyumba, nyutro imeunganishwa na ardhi huko kwenye mfumo, kwa hiyo ukipima laini kwa ethi unapata 230, nyutro kwa ethi karibu sifuri. Kwenye jenereta ndogo nyaya zote mbili zinaelea, hakuna uliofungwa na ethi. Pima laini kwa bodi ya jenereta, utapata namba za ajabu, 110 labda, au inayumba. Kiboksi cha kebo ya gari kinapima ethi kabla hakijaruhusu umeme kupita, hakioni kitu cha kueleweka, kinafunga. Kimefanya kazi yake.

Dawa ni kuunganisha nyutro na ethi kwenye jenereta. Wengine wanatengeneza plagi maalumu, ndani yake nyutro na ethi zimefungwa pamoja, inachomekwa kwenye soketi ya pili ya jenereta. Hapo kiboksi kinakubali. Masharti mawili: weka kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile cha miliampea 30, baada ya hiyo bondi, na plagi hiyo isikae kamwe kwenye jenereta inayolisha nyumba. Andika juu yake kwa rangi nyekundu. Kijana wa gereji akiazima jenereta siku ya sherehe akaichomeka kwenye nyumba ya mtu na plagi hiyo ipo, utatafutwa.

Na kama unafikiria inveta badala ya jenereta, iwe ya wimbi safi. Zile za bei ya kutupwa chaja ya gari inazikataa, na zikikubaliwa ndiyo mbaya zaidi.

Stima Imerudi

Niaje watu wa Bongo. Mimi niko Nairobi, na huku Leaf tumeishi nazo kitambo, tangu ile teksi ya Nopea ianze nazo 2018 na chaja zao kwa maegesho ya mall. Wale walifunga, lakini gari zilibaki na watu wakajifunza.

Kitu sijaona mmetaja ni mlima. Leaf na watu ndani ni kama tani moja na nusu na ushee. Kila mita 100 ya kupanda inakula karibu nusu uniti, juu ya ile ya mwendo wa kawaida. Kwa hivyo mtu akitoka Naivasha kurudi Nairobi kwa barabara ya juu, anapanda mita mia kadhaa, na hiyo peke yake inamnyang'anya zaidi ya kilomita 15 za range. Dashibodi ilikuwa inamwambia atafika, na haikuwa inadanganya, ilikuwa inahesabu tambarare. Wengi tunaowafuata wamekwama kwa kupanda. Kwenu Morogoro Road naona ni afadhali, lakini mtu akizoea Dar akapeleka Leaf Lushoto, huyo mtamfuata.

Huku hatuna kampuni ya maana ya kufuata watu, tuna group ya WhatsApp. Mtu anatuma location, mwenye gari lenye uwezo wa kutoa stima anaenda. Ioniq 5 inatoa hadi 3.6 kW kwa adapta yake, BYD Atto 3 nayo inatoa. Unapaki pua kwa pua, unachomeka kebo ya Leaf kwa soketi ya mwenzako, mnakaa mkipiga stori saa moja. Hakuna moshi, hakuna kelele, na mtu hulipi, unanunua chai. Shida ya ethi iko hapo pia, si kila kebo inakubali.

Stima kwetu ni rahisi kidogo kwa mwenye mita ya magari, 2023 iliwekwa bei yake, ilikuwa shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na saa ambazo watu hawatumii sana ilishuka hadi 8. Lakini hiyo ni ya kuchaji kwa kituo. Kwa barabara bei ya stima haina maana, utaona mwenyewe.

Dereva wa Semi

Mimi nauliza kijinga, si mnaifunga kamba tu mnaivuta mpaka Chalinze? Nimevuta magari makubwa kuliko hilo.

Nyutro na Ethi

Leaf haina gia ya kukata. Mota imeshikana na magurudumu ya mbele muda wote. Ukiyaburuza inazunguka na kuzalisha umeme wakati mifumo ya kuupokea imezima. Kitabu cha gari kinakataza kabisa magurudumu ya mbele kugusa ardhi wakati wa kuvuta. Pakia juu, au inua mbele.

Dereva wa Semi

Kuna jamaa nilimwona Kibaha anavutwa na Fuso huku ameweka D, anasema anachaji betri kwa kuvutwa. Na ilichaji kweli, baadaye akaondoka mwenyewe.

Nyutro na Ethi

Inachaji, ndiyo, ni breki ile ile inayorudisha umeme ukiteremka mlima. Fuso ndiyo inayolipa dizeli. Sasa fikiria umefungwa nyuma ya Fuso kwa kamba ya mita nne, mbele huoni, Fuso likikanyaga breki kwa sababu ya tuta wewe unaingia chini yake. Trafiki akikukuta hapo maelezo yako yatakuwa marefu.

Vilima Elfu

Salamu kutoka Kigali. Ndugu yangu fundi, angalia sana tundu la gari kabla hujatoka gereji. Leaf ya Japani ina tundu la Type 1, la chaji ya kawaida, na la CHAdeMO. Huku kwetu yameingia mengi yaliyotengenezwa kwa soko la China, na tundu lake ni GB/T. Ukilitazama linafanana na la Ulaya, lakini pini na matundu vimebadilishana, kebo ya Ulaya haiingii. Mteja hajui hata linaitwaje, anakwambia "gari ni ya umeme, njoo." Umekwenda kilomita 40, unafungua mlango wa chaji, kebo yako haifai. Mwambie apige picha ya tundu akutumie kwanza. Adapta za kutoka Type 2, hilo la Ulaya, kwenda GB/T zipo, weka moja ndani ya gari.

Na kuna jambo lingine la huku. Volkswagen walileta e-Golf Kigali 2019 pamoja na Siemens, kila mtu akaangalia magari. Lakini umeme uliosambaa kweli ni wa pikipiki. Ampersand walianza mwaka huohuo kwa kubadilisha betri: dereva anafika kituoni, anatoa betri iliyoisha, anawekewa iliyojaa, anaondoka. Akiishiwa njiani, mwenzake anamletea betri mgongoni. Yeye hahitaji kirikuu wala saa moja ya kusubiri. Kwa hiyo wateja wako ni wa magari tu, na magari ndiyo machache.

Mhasibu wa Mtaa

Nilikuwa nasoma tu ila acha nitie namba.

Tuchukue safari ya Kimara hadi kabla ya Vigwaza, kilomita sitini na kitu kwenda, na kurudi vilevile. Kirikuu ikila lita moja kwa kilomita 12, hiyo ni lita 11. Mafuta yakiwa elfu tatu kwa lita, elfu 33. Jenereta kwa uniti tatu itakula kama lita mbili, elfu sita. Ungebeba betri uliyochaji nyumbani kwa LUKU, uniti tatu ni kama elfu moja na mia moja. Mchana wako wote umekwenda, saa nne au tano ukijumlisha foleni ya Mbezi, na gereji imefungwa.

Kwa hiyo umeme ni pesa ya chipsi kavu. Unachouza ni safari. Elfu themanini za Mama Wawili zinakuachia faida ya fundi wa siku moja, kama hukukuta kwamba shemeji kafika kabla yako.

Na wenye mitaji wameshajaribu. Marekani, chama cha wenye magari cha AAA walizindua malori ya kuchaji magari barabarani 2011, wakayaweka kwenye miji kadhaa, baadaye wakayaondoa kwa sababu simu hazikuja za kutosha. 2022 wakajaribu tena, magari yakiwa yameongezeka sana. Kampuni ya SparkCharge, ya kijana anaitwa Joshua Aviv, ilitengeneza betri za kubebeka unazopanga moja juu ya nyingine na kuchaji gari popote. 2020 wawekezaji Mark Cuban na Lori Greiner wakakubali kuweka dola milioni moja. Unajua leo pesa zao zinatoka wapi? Wanapeleka chaji kwa makampuni yenye magari mengi yaliyopaki sehemu moja yasiyo na vituo. Aliyezimikiwa barabarani alikuwa mlango wa kuingilia tu.

Sasa kama Marekani na magari yote yale walikosa simu za kutosha, wewe na Leaf za Dar utapata ngapi kwa mwezi? Usininukuu, lakini ningekushauri usinunue hata bolti moja kwa ajili ya kusubiri simu.

Sheli ya Zamani

Nakazia. Kidumu cha lita tano.

Mama Wawili

Mhasibu, namba zako sawa, lakini umemsahau mtu. Sisi wenye haya magari hatuzimikiwi kwa sababu ya ujinga. Tunazimikiwa kwa sababu kati ya Kibaha na Chalinze hujui ni wapi utachomeka ukakaribishwa. Kuna siku niliingia gesti moja nikaomba, mhudumu akaniuliza "gari inakula umeme kiasi gani?" kwa sura kwamba nitamaliza LUKU ya mwezi. Nikamwambia nalipa elfu kumi, akakataa, anaogopa bosi. Ningejua kuna sehemu moja ya uhakika Mlandizi nisingemhitaji fundi wala kirikuu.

Stima Imerudi

Hapo dada amesema. Huku watu wanaenda Mombasa, kilomita 480 hivi kutoka Nairobi, kwa kubahatisha hoteli gani ya Mtito Andei, katikati ya safari, itakubali. Wenye betri kubwa wanafika, wenye Leaf ndogo hata hawajaribu.

Nyutro na Ethi

Na soketi moja nzuri si gharama. Ile ya bluu ya ampea 16, ya viwandani, isiyopitisha mvua, waya wa milimita 4 moja kwa moja kutoka kwenye ubao, sakiti breka yake peke yake, kikata umeme cha miliampea 30, na sabmita ili mwenye gesti aone uniti zilizotumika na roho yake itulie. Fimbo ya ethi uipige upya, usiiamini iliyopo, nimekuta gesti ambayo waya wa ethi umefungwa kwenye nondo ya dirisha. Leaf ya 3 kW italala hapo na kujaa kabla ya asubuhi. Uniti 15 hazifiki hata elfu sita.

Mhasibu wa Mtaa

Hiyo naielewa. Unamtoza mteja kwa saa za maegesho, mwenye gesti anapata mlaji wa supu na soda anayekaa saa mbili hana pa kwenda. Fundi analipwa kufunga, analipwa kukagua, na kila soketi inafupisha safari ya kirikuu. Aliyezimikiwa karibu na soketi hahitaji kilomita 20 za jenereta, anahitaji tatu au nne, afike achomeke. Dakika kumi na tano, si saa nzima.

Mbeba Boksi

Na hapo betri inaishinda jenereta. Zile betri za sola za volti 51, ampea 100, zina uniti tano, uzito wake kama kilo 50, watu wawili wanainyanyua. Inveta ya wimbi safi ya 3 kW au 5. Unamwachia mteja uniti moja au mbili, zinabaki za mwingine. Mvua ikinyesha hakuna moshi ndani ya turubai. Huku usiku watu wanapiga simu polisi ukiwasha jenereta, huko kwenu sidhani, lakini bado.

Ukifika, kitu cha kwanza pembetatu za kuakisi mwanga, nyuma na mbele, na gari la mteja lisogezwe nje ya lami hata kwa kusukumwa. Magari mengi ya umeme yakizima yanabaki kwenye P na hayasukumiki mpaka volti 12 iwepo ili uweke N. Ndiyo maana jampa inashuka garini kabla ya betri kubwa.

Waya Mwekundu

Wakuu, nimesoma yote.

Kuna mama mwenye baa na gesti Mlandizi, mumewe namtengenezea Noah yake. Nimempigia leo, amekubali nifunge soketi ya bluu uani, karibu na jiko la nyama, kwa masharti ya sabmita na nimwandikie karatasi ya bei ya saa ukutani. Leseni yangu ya ufungaji umeme ya EWURA inanifaa kwa kazi hiyo, nitaifanya kihalali na cheti. Kibaha kuna mwingine bado anasita, anasema aone kwanza ya Mlandizi.

Jenereta nitaitengenezea hiyo plagi na kuiweka gereji kwa majaribio tu. Betri ya sola nimekwenda kuuliza Kariakoo, nitachukua moja mwisho wa mwezi. Kufuata watu nitafuata wa hapa karibu, Mbezi, Kibamba, Kiluvya, mwisho Kibaha. Zaidi ya hapo nitawaelekeza kwa simu na kuwatafutia brekidauni ya kupakia ya jamaa mmoja asiyelangua. Bei elfu hamsini mchana kwa huku karibu, ikiwa ni volti 12 tu elfu ishirini.

Sheli ya Zamani

Hiyo nyama ya Mlandizi ni ya mbuzi au ng'ombe?

Waya Mwekundu

Mbuzi, Ijumaa na Jumamosi.

Mama Wawili

Fundi, mimi Jumamosi ijayo naenda Chalinze, kipaimara cha mtoto wa dada. Leaf ya vijiti tisa, natokea Mbezi. Soketi itakuwa tayari? Na nichaji nikiwa naenda au nikirudi?

Waya Mwekundu

Alhamisi naifunga, Ijumaa naijaribu na gari la mteja saa mbili mfululizo niishike plagi kwa mkono kama inapata moto.

Chaji ukiwa unaenda. Mbezi hadi Mlandizi utakuwa umetumia kama uniti sita, zimebaki tisa. Chalinze ni kilomita 50 mbele, ungefika lakini kwa roho juu. Kaa Mlandizi saa mbili, unarudisha zile sita, unaondoka umejaa. Chalinze muombe dada yako uchomeke usiku huo, ila usitumie ekstensheni ya kigurudumu, njoo gereji Ijumaa nikuazime yangu ya milimita 2.5. Mwendo usizidi 70, madirisha fungua, kiyoyozi mpaka ukishafika. Ukiona asilimia zimeandikwa vistari badala ya namba, simamisha kwenye mwanga wa watu na unipigie kabla kobe hajatokea.

Mama Wawili

Ekstensheni naifuata Ijumaa saa kumi.